Plastiki Juu ya Kifuniko cha Tangi

Mashine ilikohoa mara mbili, ikanguruma kidogo, ikazima.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ngalawa ilikuwa imekwisha kukiacha kijiji chao cha Kalambuyan nyuma na ilikuwa ikielekea bandari ya Mabuyong na magunia sita ya mwani mkavu. Ndani walikuwa watatu: Editha, mama ambaye mtoto akienda dukani tu humsindikiza kwa macho mpaka arudi, binti yake Marilou, wa miaka ishirini, na Nemesio, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye ngalawa.

"Shemeji, kuna nini?" Editha aliuliza.

"Imepumzika. Hata mimi ningebebeshwa magunia sita ningepumzika."

Nemesio akashika kamba ya kuwashia, akavuta. Akavuta tena. Alipofika mara ya kumi na mbili, utani ulikuwa umemwisha na shati limemganda mgongoni. Mashine ilizunguka vizuri, lakini haikushika.

Editha hakuwa akiitazama mashine. Alikuwa akikitazama Bato Puti, kijisiwa cheupe kilichokuwa mbele yao, mkono wa kushoto. Mkondo ulikuwa unawapeleka kusini. Ukipita Bato Puti huna pa kushika tena. Kilichobaki ni Bahari ya Sulu, siku baada ya siku, na kwenye dumu walikuwa na maji lita mbili na nusu.

"Tupa nanga," alisema.

Marilou akatupa. Kamba ikaenda yote, ikaning'inia. Nanga haikugusa chini.

"Kina kirefu, Mama."

Basi wakafanya lililowezekana. Wakaitoa nanga, wakafunga gunia moja la mwani mwisho wa kamba na kulisukuma majini. Gunia likanywa maji, likazama nusu, kamba ikakaza. Ngalawa ikageuza pua kuelekea mawimbini na mwendo ukapungua. Wiki mbili za kuanika mwani zilikwenda na gunia lile.

Nemesio alilitikisa tangi. Ndani mafuta yakacheza, pwacha pwacha.

"Mafuta tele. Basi ni plagi."

Akaifungua plagi, akaipangusa kwa upindo wa shati. Ilikuwa kavu. Akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha na chuma cha mashine, akamwambia Marilou avute kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, safi.

"Moto upo," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Moto upo na mafuta yapo. Sasa inataka nini? Mahari?"

"Plagi ni kavu, Baba Mdogo," Marilou alisema. "Mafuta hayafiki."

"Umesomea wapi ufundi?"

"Nakutazama wewe tangu nina miaka saba. Nimeona ukikosea mengi."

Nemesio akaguna, lakini akaishika kabureta. Kibakuli cha chini kilikuwa na matone matatu tu. Bisibisi ikamteleza, na ukingo wa bati ukamchana kiganja kutoka kidole gumba mpaka karibu na kifundo. Damu ikachuruzika kwenye mbao. Editha alilivuta dumu la maji, akalitazama, akalirudisha mahali pake.

"Osha kwa maji ya bahari."

"Yatauma, shemeji."

"Yaume. Haya ya kunywa hayaguswi."

Akachana kitambaa chake cha kichwa, akamfunga kwa nguvu. Kisha Marilou akauchomoa mpira wa mafuta, akaupuliza kwa mdomo, akatema petroli, akaupuliza tena. Mapovu yalisikika yakipanda ndani ya tangi. Akaurudisha. Wakasubiri kidogo, Marilou akavuta kamba.

Mashine ikawaka!

Editha alifanya ishara ya msalaba. Nemesio akapiga kelele za furaha, akalivuta gunia ndani, akageuza usukani kuelekea kijisiwa. Mianzi ya ubavuni ikayakata mawimbi. Wakahesabu minazi ya Bato Puti: minne, mitano, sita. Wakaanza kuona nyavu zilizoanikwa.

Mashine ikakohoa mara mbili. Ikazima.

Mara ya kwanza mtu huogopa tu. Mara ya pili huwa tayari amekwisha kutumaini. Gunia likarudi majini. Mkondo ukawachukua tena, na minazi ikaanza kupungua: mitano, minne. Kabla ya saa sita kijisiwa kilikuwa nyuma yao. Walikunywa funda moja moja. Wali wa kwenye majani ya mgomba haukumezeka, koo zilikuwa kavu.

"Ni uchafu," Nemesio alisema. "Nipulize tena."

"Uchafu ungeziba au ungetoka," Marilou alisema. "Mafuta haya yanakuja, yanakata. Nilipochomoa mpira, hewa ilipanda kwenye tangi, mafuta yakashuka. Hewa ikaisha, yakakata. Kama kopo la maziwa. Ukitoboa tundu moja, maziwa hayatoki. Lazima utoboe mawili."

Wote watatu wakageuka kukitazama kifuniko cha tangi.

Editha alijua kabla ya wenzake. Alfajiri ile, wakati Nemesio anapakia magunia, yeye alikuwa amekunja mfuko wa plastiki mara tatu, akaufunika juu ya kifuniko na kuuzungushia utepe wa mpira wa baiskeli, akakaza kwa meno, ili maji ya chumvi yasiingie. Pale kijijini kila mtu hufunga mpira kwenye kifuniko. Lakini huliacha wazi lile tundu dogo la juu la kupitisha hewa. Yeye aliliziba.

"Ni mimi," alisema.

"Nilikuona ukifunga," Nemesio alisema. "Nikasema moyoni, shemeji na woga wake, nikacheka. Afadhali tungeulizana."

Fundo lilikuwa limekazwa na chumvi. Editha akalikata kwa kisu cha samaki, akabandua plastiki, akalegeza kifuniko. Tangi likavuta hewa, *fyuuu*, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Marilou akauchomoa mpira: mafuta yakamwagika mfululizo kwenye vidole vyake.

Akavuta kamba. Mara ya tatu ikashika.

Lakini sasa walikuwa mbali, na kurudi kulikuwa kwenda uso kwa uso na mkondo. Kila wimbi lilirusha maji juu ya tangi, na tundu lilikuwa wazi. Marilou alishika usukani kwa sababu mkono wa Nemesio ulikuwa umevimba. Editha akapiga magoti, akainama juu ya tangi kama kuku juu ya vifaranga, akaacha nafasi ya kiganja kati ya kifua chake na kifuniko, na mgongo wake ukapokea mawimbi. Alikaa hivyo kwa muda wa saa tatu na nusu. Hakumwambia binti yake aelekee wapi, wala apunguze mwendo. Mara moja tu alisema:

"Magoti yamekufa ganzi."

"Inuka, Mama."

"Endesha wewe."

Waliingia Mabuyong saa kumi alasiri. Wapagazi wa bandarini wakawashika mikono, na mwanamke mmoja muuza samaki akaja mbio na jagi la maji.

"Simu," Editha alisema. Midomo ilikuwa imepasuka. "Nani ana simu?"

"Kunywa kwanza, mama."

"Simu!"

Akapewa. Akapiga namba ya jirani yake Teresita, akaikosea mara mbili. Jana yake tu Teresita alimwomba amwonyeshe anavyofunga tangi, naye akamwonyesha, akamkatia na plastiki.

"Teresita? Mumeo ameshatoka kwenda baharini?"

"Bado. Anamalizia kahawa, kisha wanaondoka na watoto. Kwani nini?"

"Ile plastiki niliyokupa," Editha alisema. "Chukua kisu, nenda kaikate. Sasa hivi. Sikati simu mpaka unirudie."

Akasikia kikombe kikiwekwa mezani, na mlango, na nyayo za Teresita zikikimbia juu ya mchanga.