Chupa ya Kaengesa

Haya yalimkuta rafiki yangu Eustaki wa Katandala, ambaye kazi yake ni kununua na kuuza chupa za kale. Umri wa chupa huusoma kwa kidole: mshono wa kioo ukiishia shingoni bila kufika mdomoni, basi mdomo ulitengenezwa kwa mkono, na chupa ni ya zamani kweli. Kisha alikuwa akimpa mkewe, Marsiana, aipulize. Chupa nzima huimba. Yenye ufa hukohoa tu.

Marsiana alifariki Machi, Eustaki akiwa Kabwe kutafuta chupa. Alimpigia mumewe simu lakini hakuweza kusema neno. Eustaki alisikia pumzi zake tu, mpaka zikakoma.

Juzi akaenda Kaengesa kwa bibi Luciana, aliyefukua chupa shambani kwake. Ilikuwa tupu, kizibo kimefunikwa kwa nta. Mvua ikashuka na chumba kikawa giza mchana. Eustaki akapapasa mshono, ukaishia shingoni. Kwa mazoea akaisogeza chupa upande wa kushoto, alikokuwa akikaa mkewe. Ndipo akakumbuka, machozi yakamtoka.

Chupa ikaimba, sauti moja nzito, ndefu.

"Umeipuliza, baba?" bibi Luciana akauliza kutoka mlangoni.

"Hapana, bibi."

Eustaki akawasha tochi ya simu. Nta haikuwa imeguswa. Ndani ya kioo ukungu ulitanda, ukafutika, ukatanda tena, kwa mwendo uleule wa pumzi alizozisikia kwenye simu. Eustaki akaishika chupa kwa mikono miwili, mpaka ukungu ulipokoma.