Aliukata Mstari wa Marehemu Mbele Yangu

"Hesabu hii ya Mwalimu ina kosa!"

Jamani... nilihisi kiti kinaniponyoka.

Aliyesema hivyo ni kijana aliyefundishwa na mume wangu mpaka akawa daktari wa hisabati. Mume wangu tulimzika mwezi uliopita. Siku ya maneno hayo idara yake chuoni ilikuwa imetuita, mimi na binti yangu, kwenye mhadhara wa kumkumbuka. Kanuni aliyoihangaikia miaka yote, ya kukadiria uwezekano wa kampuni za bima kufilisika, ilikuwa ipewe jina lake.

Kijana akachukua kalamu nyekundu, akaukata mstari mmoja ubaoni.

"Hapa Mwalimu alichukulia kila kampuni inaanguka kivyake. Sivyo. Moja ikiyumba, inazivuta nyingine."

Nikasimama. "We mtoto! Umekula kwangu, umelala kwangu, leo unamvua nguo marehemu mbele za watu?"

"Mama, naomba..."

"Usiniite mama!"

Mimi niliishia sekondari. Hesabu zile sizijui. Nilichojua ni kwamba yule mwanaume alizeeka akiinamia kanuni ile, na sasa hata jina hapati!

Binti yangu akanivuta gauni.

"Mama, kaa. Ni baba aliyemtuma."

"Nini?"

"Kosa alilikuta mwenyewe, wodini. Wewe ulikuwa umeenda nyumbani kuoga. Alicheka hadi nesi akaja kumgombeza! Akamwambia kaka huyu, 'Siku wakinisifu, wewe nikosoe. Ukinyamaza, nitajua nilifundisha kasuku.'"

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema utamkataza."

Na kweli... ningemkataza.

Kijana alikuwa analia, kalamu mkononi. "Nilikataa sana, mama. Akasema kuna watu wasiomjua watakuja kuumia kwa kuuamini mstari huu."

Nikakaa.

"Haya, endelea, mwanangu. Waoneshe panavyorekebishwa."

"Bado sijapajua, mama."

"Basi waambie hivyohivyo."

Akawaambia. Kanuni haikupewa jina la mume wangu.

Ndugu zangu mnaosoma, nimechoka, sina maneno mengi. Wapo watu ambao kwao kuheshimiwa ni kukaguliwa. Ukiwafunika makosa, umewazika mara ya pili.

Niliishi naye, nikamuuguza, nikamzika... siku ile ndiyo nikamfahamu.