Tairi la Nyuma Kulia

Kastori alitoka Gitega saa kumi na moja jioni, na alipoukaribia mto Ruvubu jua lilikuwa linazama. Alikuwa anapeleka gari Muyinga kwa Nizar, mwenye duka la vitambaa. Na gari gani! La Kimarekani, la zamani, milango miwili, pua ndefu, mitungi minane ikinguruma mpaka mbuzi wanakimbia. Lilikuwa la marehemu baba yake Nizar. Kabla ya kufa mzee aliacha neno moja tu: linyanyueni, litieni magurudumu makubwa.

Kastori mwenyewe ndiye fundi, na alihangaika nalo wiki nzima. Rimu za inchi kumi na saba mahali pa kumi na nne, matairi mapana, ukingo wa madigadi ukakunjwa kwa nyundo. Likiwa tupu, lilipita safi. Wakiketi watu nyuma, tairi liligusa bodi: hrr, hrr. Alikwishamwambia Nizar kwenye simu asipakie mtu nyuma mpaka springi zibadilishwe.

Sasa alikuwa peke yake, kama kawaida yake. Alikulia ukimbizini Tanzania, akarudi na amani akiwa na miaka thelathini na saba, na Gitega wanamwita Mtanzania. Imelda aliyemlea alimwambia mara moja tu kwamba hakumzaa. Alipewa njiani, mwaka wa sabini na mbili, watu wakikimbia. Alipewa na nani? Imelda alilia, hakujibu, na mwaka uleule akafariki. Kastori alirudi Burundi kumtafuta mama yake, na kila kilima alikouliza watu walitikisa vichwa. Iliuma, tena sana.

Penye daraja la Ruvubu alisimama kukaza nati. Magurudumu mapya hukazwa tena baada ya mwendo. Akachuchumaa na spana.

Ko. Ko. Ko.

Vidole vilikuwa vinagonga bati, upande wa pili.

Mtu wa hapa angeuliza kwanza, "Ni nde?" Angetaka kujua ni nani. Lakini Kastori malezi ya Tanzania yalimponza. Alijibu bila hata kuinua kichwa:

"Karibu!"

Gari likashuka. Taratibu... nyuma, upande wa kulia.

Akazunguka. Hapakuwa na mtu. Milango imefungwa, barabara tupu, mto unapita chini. Akajiambia ni uchovu, akaingia, akaondoa gari.

Hrr... hrr... hrr...

Tairi la nyuma kulia lilikuwa linakwaruza bodi, na yeye mwenyewe alijua linakwaruza wakati gani. Ndani kulinuka udongo mbichi na maziwa yaliyochacha. Kitu kikavuta pumzi nyuma ya shingo yake.

"Buhoro..." sauti ya mwanamke ilinong'ona. Polepole.

Hakugeuka. Hata daraja alikuwa hajalimaliza. Alikanyaga breki, akafungua mlango, akafumba macho.

"Shuka, mama," alisema. "Nakuomba. Shuka."

Alingoja.

Kisha gari likainuka.

Muyinga alipokelewa na Nizar na mama yake, bibi Zohra. Nizar alizunguka gari akicheka kwa furaha. Zohra hakucheka. Aliweka kiganja juu ya tairi la nyuma.

"Iko inagusa?" aliuliza.

"Likiwa tupu haligusi, mama."

"Ile mwaka ya kukimbia iligusa. Mzee alitoka Gitega na watu, anawapeleka ku frontière, ku mpaka wa Tanzania. Walijaa. Matairi ilikuwa kidogo, gari inalala chini. Ku daraja mzee akasema mmoja ashuke, atarudi kumuchukua. Akashuka mwanamke moja wa kunyonyesha. Mtoto akamupitisha mu dirisha, akamupatia mwenzake." Akapapasa tairi. "Mzee alirudi kweli. Hakumukuta."

Kastori alimsogelea.

"Mtoto alikuwa wa kiume?"

"Wa kiume."

"Na mama yake aliitwa nani?"

"Hatukuuliza jina, fundi. Hatukuuliza."

"Fundi, we iko unauliza mingi," Nizar alisema. "Iko nini?"

"Nilimkaribisha," Kastori alisema. "Aliingia. Kisha nikamshusha."

Zohra aliondoa mkono kwenye tairi.

"Wapi?" alinong'ona.

"Pale pale."