Debe Lililoachwa Njiani

Kila jioni baada ya shule, Chelangat aliteka maji bombani, akafagia ua, kisha akatumwa dukani. Kazi hizo alizizoea. Alianza kunung'unika siku alipokuja Jelagat, binti wa shangazi yake, kutoka Kuresoi ili asomee Nakuru, kwa kuwa kwao shule ilikuwa mbali mno.

Jelagat hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililomuudhi Chelangat. Aliamka kabla ya kuitwa. Alisoma vizuri. Mama alimsifu kwa majirani, na hata baba, Mzee Kosgei, fundi wa reli asiyesifu mtu ovyo, alisema chai ya Jelagat ni tamu. Chai ile ile aliyoipika Chelangat miaka yote bila kuambiwa neno. Kwa wivu akawa anaomba moyoni mwenzake arudi kwao akachimbe viazi.

Jumatatu moja walitumwa pamoja kununua chumvi na mafuta ya taa kwa Bwana Nicodemus, mwenye duka pale Bondeni. Nicodemus alikuwa amefungua debe jipya la mafuta kwa tindo, akaliacha njiani karibu na mlango, bati la juu limepinduka na kuwa na meno kama msumeno. Jelagat alirudi nyuma kidogo ili kumpisha bibi aliyekuwa akitoka na kikapu, na bati likampasua shavu la mguu, mafuta yakamwagika. Bibi akaenda zake bila kujua lolote.

Nicodemus alikuwa amewapa mgongo, akipima chumvi. Alipogeuka aliona damu sakafuni na mafuta yamemwagika, akakasirika. Alisema watoto wa siku hizi huchezea hata mali ya watu. Kisha akamkazia macho Chelangat. "Wewe, mwenzako amefanya nini hapa?"

Chelangat aliona kila kitu. Akainamisha kichwa. "Sikuona," akasema.

Nicodemus alimimina mafuta ya taa kidogo juu ya kidonda, kama walivyofanya watu wengi zamani hizo wakidhani ni dawa, akawaambia waende nyumbani.

Nyumbani Chelangat alieleza kwamba Jelagat amegombezwa dukani kwa kuchezea debe. Mzee Kosgei hakupiga kelele. Alisema tu kwamba alimwahidi dada yake kulea mtoto wa shule, si wa kucheza madukani, na akisikia tena habari kama hiyo atamrudisha Kuresoi. Jelagat alilia kimyakimya. Chelangat alikula ugali wake wote, na ulikuwa mtamu.

Kwa kuogopa kurudishwa, Jelagat alipaka kidonda majivu, akakifunga kwa kitambaa, na kila alipoulizwa alisema kinapona. Alhamisi asubuhi mguu ulikuwa umevimba, una moto, naye hakuweza kusimama. Mama alimbeba mgongoni hadi hospitali, Chelangat akifuata nyuma.

Walipokelewa na Achola, dresa aliyeosha na kufunga vidonda. Alifungua kitambaa, akakikagua kidonda, kisha akauliza ni nini kilichomkata. Jelagat aliogopa kutaja duka. Akasema ni mwiba.

"Mwiba haupasui hivi," Achola akasema. "Kama ni bati chafu, kuna sindano ya pepopunda, na ni lazima achomwe sasa hivi. Pepopunda hufunga taya, mtu asiweze kumeza hata maji. Nani alikuwepo?"

Jelagat alimtazama Chelangat kwa woga. Hata hapo wivu ulimnong'oneza Chelangat anyamaze, mwenzake arudishwe. Lakini kurudi Kuresoi ni jambo moja, na kufa ni jambo lingine.

"Ni debe la dukani," akasema. "Lilikuwa njiani. Alikuwa anampisha bibi. Hakucheza. Mimi niliona."

Jelagat akachomwa sindano, akalazwa. Jioni ile Mzee Kosgei alimpeleka Chelangat dukani, naye akayarudia maneno yale mbele ya Nicodemus. Nicodemus alisikiliza mpaka mwisho, akachukua nyundo akaponda meno ya lile debe, akaliweka nyuma ya kaunta. Kesho yake alikuja hospitali na chupa ya maziwa, akamwomba Jelagat radhi. Mzee Kosgei naye akamwambia mpwa wake kwamba haendi popote, atasoma Nakuru.

Chelangat aliyatazama yale maziwa, na wivu ukamchoma kidogo tena, maana wivu hauponi kwa siku moja.

Achola alikuwa akifunga bendeji mpya. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akawaambia wasichana wote wawili. "Ukiumia dukani, usiondoke na aibu kama mwizi. Mwonyeshe mwenye duka kilichokuumiza na mahali kilipokuwa. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, si mafuta ya taa wala majivu, uje hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyeona aseme alichoona."

Kisha akamgeukia Chelangat. "Ile sindano yangu ilikuwa dawa ya pili, mwanangu. Ya kwanza ulikuwa nayo wewe, mdomoni, tangu Jumatatu."