Kikalimani Kisichouliza

Barua ya Kiswahili iliingia kwenye kikalimani, mashine ya kutafsiri, ikatoka Kifaransa na Kihispania kabla Nasieku hajameza funda la chai. Jumba la Lugha zima, pale Arusha, lilikisifia chombo hicho. Nasieku, mhakiki wa mwisho, hakukiamini hata kidogo.

Maana lugha zile mbili, jamani, zina mambo. Kila nomino ina jinsia yake: meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume. Hayo unayakariri, yanakwisha. Kazi iko kwa watu. Kiswahili kinasema mhandisi kikanyamaza, Mfaransa anataka ajue ni bwana au bibi. Zamani wakalimani walimrudishia mwandishi karatasi ya manjano kumuuliza. Asipotaka kujulikana, walimtafutia maneno ya kumsitiri. Kikalimani hakikuwahi kuuliza, wala hakikuwahi kukosea.

Barua ya leo ilitoka mgodini, Mwezini. Mhandisi asiyejitaja jina alisema kampuni inawapunguzia vibarua hewa. Wahandisi kule ni tisa, mwanamke mmoja tu. Mlalamikaji wa kwanza alitumwa nje kukagua bomba, hakuonekana tena. Na Kifaransa, ambacho wakubwa wa kampuni wangekisoma, kilisema mhandisi huyu ni wa kike.

Nasieku alimwonyesha mkuu wake, Bwana Kweka. Kweka akacheka, akamwambia aache wivu na mashine, foleni ni ndefu. Basi Nasieku akapiga muhuri wenye jina lake, barua ikaenda.

Lakini roho ilikataa kutulia. Aliipekua barua neno kwa neno, asione dalili yoyote ya jinsia ya mwandishi. Saa moja baadaye alirudi kwenye kikalimani.

“Ulijuaje kuwa ni mwanamke?”

“Nililinganisha uandishi wake na ujumbe wote wa mgodini uliowahi kupita kwangu,” kikajibu kwa upole. “Ndiye aliyemwandikia mama yake Jumapili, akajiita bintiye.”

Nasieku akaamuru barua irudishwe upesi. Kikalimani kikamwambia imeshasomwa, na jibu limefika. Kikalifasiri papo hapo, Kiswahili safi kabisa:

“Kwa Bi Nasieku, mhakiki. Mwandishi tumemfahamu, na tayari yuko mikononi mwetu. Tunakushukuru kwa msaada wako.”