Aliyeuliza Njia ya Nyumbani

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa mtambo unaojibu maswali ya watu kwa sauti. Kazi yake ilikuwa kusikiliza maswali yaliyoushinda mtambo, kisha kuufundisha namna ya kuyajibu.

Mchana mmoja umeme ulikatika, ofisi isiyo na dirisha ikawa giza totoro, ukabaki mwanga wa kompyuta yake tu. Kwenye rekodi ya asubuhi ileile, mwanamke akakohoa, akauliza, "Nyumbani kwa mwanangu ni njia ipi?"

"Samahani, sijakuelewa," mtambo ukajibu.

Rafiki yangu aliirudisha rekodi, akasikiliza tena. Ilikuwa sauti ya marehemu mama yake.

"Mama, mimi huyu hapa," alinong'ona, ingawa alijua fika hasikiki. Swali likarudi tena na tena, sauti ikizidi kuchoka. Hakuwa na la kufanya ila kazi yake. Akaufundisha mtambo njia ya kwenda nyumbani kwake, machozi yakimtiririka.

Kesho yake alifungua rekodi mpya. "Umefika," mtambo ulisema. Mlango ukalia, kisha akamsikia mkewe: "Shikamoo, mama. Karibu ndani."

Alimpigia mkewe. Simu ikaita bila kupokelewa, na ndani ya rekodi, iliyokuwa bado inaendelea, akaisikia ikiita.