Mistari Kwenye Uso wa Baba Mkwe

Nina miaka arobaini na mmoja. Ninaishi Tarime mjini, nina binti mmoja, nina mashine kubwa ya kuchapa mabango... na sina mke. Alikuwepo. Haya nitakayowaeleza niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo msiwe na haraka ya kunihurumia.

Mimi na mke wangu Bhoke tulifungua duka la mabango miaka sita iliyopita. Tulichapa ya harusi, ya mikutano ya injili, ya mahafali, ya misiba. Mimi nilitafuta wateja, yeye alikaa na mashine.

Ile mashine, wasomaji wenzangu, inaweza kumtoa mtu kwenye wokovu! Ina vichwa vinne vya kutemea wino, sisi tunaviita hedi. Kila hedi inachapa mkanda wake. Zote zikitema sawa, unapata picha moja safi. Moja ikizidi wenzake, bango zima linatoka na mistari, mkanda mweusi, mkanda mpauko, mkanda mweusi tena... Bibi harusi anaonekana kama yuko nyuma ya dirisha la nondo!

Dawa yake aliijua Bhoke. Kila asubuhi alichapa karatasi ya majaribio yenye vipande vya kijivu, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaikazia macho, kisha akarudi kwenye kompyuta kurekebisha namba. Kila hedi ina namba yake ya nguvu ya umeme. Ukiipandisha inatema zaidi, ukiishusha inapunguza. Na yeye siku zote alishusha! Zile zenye nguvu alizipunguza mpaka zikalingana na ile iliyochoka kuliko zote.

Hilo lilinikera sana. Hedi moja ilipokufa, mimi ndiye niliyekwenda Mwanza kuleta mpya. Nilirudi nayo kwenye basi nimeipakata kama mtoto mchanga. Halafu mtu anaishusha ili ilingane na mikweche mitatu? Sasa mpya ilikuwa ya nini? Nilimuuliza. Akanijibu kwa upole kwamba mteja haoni hedi mpya, anaona tofauti. Sikukubali.

Na niseme ukweli wote, kulikuwa na wivu. Mzee mmoja wa Nyangoto aliingia dukani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaangaza huku na huku, kisha akaniuliza fundi yuko wapi, yaani Bhoke. Mimi nimesimama mbele yake!

Basi nikaanza. Bhoke akienda sokoni au kumfuata mtoto shule, nafungua kompyuta, napandisha namba ya hedi yangu. Mwanzoni niliamini kabisa kwamba naboresha kazi. Mistari ilipotokea nikaelewa... lakini ningeanzia wapi kusema? Mteja akilalamika, nilimgeukia Bhoke na kumwambia awe makini. Anaomba radhi. Anashusha, akidhani ni yeye aliyekosea namba. Akitoka, napandisha tena, safari hii kidogo tu, nikijipa moyo kwamba sasa itakaa sawa. Haikukaa. Miezi mitatu nilifanya upuuzi ule!

Mke wangu alikonda. Alisafisha zile hedi mpaka vidole vikabadilika rangi. Siku moja akaniambia huenda macho yake yameanza kuharibika, akaomba twende hospitali. Nilimsindikiza, nikakaa naye kwenye benchi, nikamshikia mkoba. Daktari akasema macho ni mazima. Nami nilijua tangu nyumbani kwamba ni mazima! Hivi nilikuwa mtu wa namna gani?

Kisha baba yake akafariki, huko Kemambo.

Bhoke alilia, lakini kabla ya kuondoka kwenda msibani alikaa kwenye mashine asubuhi nzima. Alisawazisha hedi zote, akachapa majaribio mara nne, akaandaa picha ya mzee wake. Akaniambia, "Baba Wankyo, kila kitu kiko tayari. Wewe bonyeza tu. Usiguse kitu kingine."

Kwetu mkwe haendi msibani mikono mitupu. Mwanaume mwenzangu, aliyemwoa dada yake Bhoke, alikuwa ameahidi dume la ng'ombe, na habari zake zilikuwa zimeenea kijiji kizima. Mimi nikajiapiza kwamba bango langu litamfunika. Nilitaka rangi ikolee, mzee aonekane shujaa. Nikapandisha namba ya ile hedi... nikabonyeza.

Bango likatoka. Mistari ilipita kwenye paji la uso, machoni, mdomoni, kana kwamba kuna mtu amemkatakata mzee vipande na kumpanga upya. Nikatafuta flexi nyingine, ile turubai laini ya kuchapia mabango, iliyobaki haikutosha. Nje, gari la kunipeleka lilikuwa linapiga honi kwa sababu mwili ulishatoka mochwari. Nikajidanganya kwamba kwa mbali haitaonekana.

Ilionekana. Walipolifunga juu ya turubai, vilio vilikatika. Wanawake walianza kunong'ona. Kaka mkubwa wa Bhoke alinisogelea, jeneza likiwa hatua chache tu kutoka tulipo.

"Mura, mbona baba amekatwakatwa hivi?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kuwa mwanaume. Maneno yaliyonitoka ni haya, na niliyasema kwa sauti ya kusikika, "Mashine aliitengeneza Bhoke mwenyewe kabla ya kuja huku. Mimi nimebonyeza tu."

Watu wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa chini karibu na mama yake. Mama mkwe akamtazama binti yake, kisha akageuza uso upande mwingine. Bhoke hakujitetea. Lile bango wakalishusha, wakalikunja, mzee akazikwa bila picha.

Baada ya wiki moja alirudi dukani. Alimpigia simu fundi mmoja wa mashine hizi aliyeko Mwanza, naye akamwelekeza mahali ambapo kompyuta huhifadhi kila badiliko la namba, pamoja na siku na saa. Mimi sikujua kwamba kitu kama hicho kipo! Alisoma mstari kwa mstari, mimi nimekaa pale na kikombe cha chai mkononi. Hata asubuhi ya hospitali ilikuwemo. Niliipandisha namba kabla hatujatoka kwenda kupima macho.

Alisema jambo moja tu. "Kumbe nilikuwa naona."

Akamchukua binti yetu Wankyo wakaenda Mugumu, Serengeti. Sasa hivi anafanya kazi kwenye duka la mabango la watu wengine, na nasikia wateja wanatoka Tarime kumfuata huko.

Mimi nilibaki na hedi yangu mpya na mistari yangu. Niligombana na ile mashine kama mwendawazimu, nikabadili wino, nikalaumu umeme, nikalaumu vumbi. Wateja wakaisha. Mwishowe, nimechoka hata kukasirika, nikaishusha ile namba. Mistari ikapotea! Nikakaa sakafuni kwenye madoa ya wino, nikalia.

Nilimfuata Mugumu kuomba msamaha. Alinipikia, akaninawisha mikono kama mgeni. Kisha akasema, "La mashine nimekusamehe. Lakini mama anaamini nilimwaibisha baba siku yake ya mwisho. Kamwambie."

Nikaenda Kemambo. Nilimweleza mama mkwe nyuma ya nyumba, nimeinamisha kichwa, kwa sababu ya heshima ya ukwe na kwa sababu ya aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Siku ile ulisema mbele ya watu. Leo unakuja kuninong'oneza mimi?"

Kwa hiyo siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mzee nilisimama mbele ya ukoo nikasema yote. Mama mkwe alimvuta Bhoke akamkumbatia muda mrefu. Nilidhani basi, nimemaliza. Kisha nikaangalia waliokaa pale... hata nusu ya watu wa mazishi hawakuwepo! Wengine walisharudi Mwanza, wengine Sirari, wengine migodini. Walikwishaondoka na uongo wangu, na sina njia ya kuwafuata mmoja mmoja. Jioni Bhoke alipanda gari akarudi Mugumu.

Ndugu zangu, nawasihi, kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, rudi kwanza utazame ulichogusa wewe. Na kama umeshamsingizia mtu hadharani, kimbia ukaseme hadharani kabla watu hawajatawanyika.

Na wewe uliyekuwepo Kemambo siku ile, ukaliona lile bango, ukaondoka ukisema binti wa marehemu ni mzembe... aliyepandisha namba ni mimi.